Kaa wa Hokkaido na Kodi ya Kirikuu cha Babu

Sendai, 7 Mei 2018

Babu Tokuji mpendwa,

Huku maua ya cheri yamekwisha kupukutika na miti imevaa majani mabichi. Huko kwenu Nezumisawa, kwa kuwa ni mlimani, nadhani bado yanaanguka mojamoja. Sisi tulifika salama. Baba alilala kwenye treni mdomo wazi mpaka Mama akamfunika uso kwa gazeti. Mama anakushukuru sana kwa machipukizi ya porini. Tuliyakaanga kwa unga, yakaisha jioni ileile.

Nimeanza mazoezi ya ngoma. Kwa kuwa hatuna ngoma, napiga mto wa kukalia kwa vile vijiti viwili ulivyonichongea. Juzi jirani wa chini alipanda kuuliza kama tunasaga kitu. Mama akamjibu, "Hapana, ni mtoto anajifunza." Jirani akauliza, "Anajifunza kusaga?"

Babu, tangu uliponiambia kwamba mwaka huu ni zamu ya nyumba yetu, nalala nikitabasamu. Nyumba yenye zamu hutoa gari la kubeba ngoma ya sikukuu ya wafu mwezi Agosti, na mtoto wa nyumba hiyo ndiye anayepiga. Nyumba ziko saba. Zamu ikitupita, itaturudia nikiwa na miaka ishirini. Wewe utakuwa na miaka themanini na… sikumaliza hesabu ya upande wako.

Sasa nina jambo. Mwalimu wetu, Bi Odashima, ametangaza kwamba likizo ya kiangazi kila mmoja wetu ataandika insha kuhusu kodi. Wenzangu walinung'unika. Mimi nimechagua kodi ya gari ya mwaka, kwa sababu ya kirikuu chako, kigari cha mizigo kitakachobeba ngoma. Nimeshajifunza kwamba anayemiliki gari tarehe mosi Aprili ndiye anayelipa kodi ya mwaka mzima, hata akiliuza kesho yake. Karatasi huletwa na posta mwezi Mei, na mwisho wa kulipa ni siku ya mwisho ya Mei. Nimeona pia kwenye kibandiko cha kioo kwamba kirikuu chako kinatakiwa kukaguliwa kabla ya tarehe 24 Julai. Kama kodi haijalipwa hakipiti ukaguzi, na kisipopita hakiruhusiwi kuingia barabarani, hata kikiwa kimebeba ngoma.

Je, karatasi imefika?

Mjukuu wako mtiifu,
Wakaba


Nezumisawa, 19 Mei

Wakaba,

Nimepata barua yako. Mwandiko mzuri, umepita wa baba yako. Mimi mzima. Goti la kushoto linalalamika, la kulia linasikiliza. Miche ya mpunga tumeshaipanda. Umetaro anasema ameona dubu mkubwa nyuma ya nyumba yake. Kinzo anasema yule hakuwa dubu, alikuwa mke wa Umetaro ameinama akichuma mboga. Hawajasemeshana tangu juzi.

Karatasi imefika. Nimeiweka kwenye madhabahu ya bibi yako ili naye aione.

Miaka yote nimelipa yeni elfu nne. Safari hii wameandika elfu sita. Nilivaa miwani yangu nikasoma, nikaivua, nikavaa ya marehemu bibi yako. Elfu sita. Wameandika kwamba gari limepita miaka kumi na mitatu, kwa hiyo limeongezewa. Hebu fikiri. Mimi nilipozeeka, basi lilinipunguzia nauli, na bafu la maji moto likanipunguzia kiingilio. Hata kinyozi hunipunguzia, ingawa huyo ni kwa sababu ya kazi iliyobaki kichwani. Kirikuu kimezeeka, wanakitoza zaidi! Hiyo ni adabu gani kwa mzee?

Usihangaike kuhusu ngoma. Nina mpango. Sitauandika hapa.

Babu yako


Sendai, 23 Mei

Babu mpendwa,

Joto limeanza na Mama ameshatoa feni kabatini. Nafurahi goti la kulia ni msikivu. Tafadhali waambie Mzee Kinzo na Mzee Umetaro wapatane, kwa sababu wote wawili wanatakiwa kusukuma gari la ngoma likikwama.

Nimemuuliza Bi Odashima kwa nini gari kuukuu hutozwa zaidi. Amesema si kudharau uzee. Serikali inaamini gari la zamani hutoa moshi mwingi kuliko jipya, na inataka watu wabadilishe. Nilimwambia kirikuu chako hakitoi moshi mwingi, hutoa mlio tu. Akasema mlio hauna kodi, kwa sasa.

Kama tatizo ni zile elfu mbili zilizoongezeka, mimi nina fedha za bahasha za mwaka mpya. Nitakutumia, na sitamwambia mtu.

Baba amesoma barua yako. Amesema, "Babu yako akisema ana mpango, andaa ndoo ya maji." Tafadhali niambie mpango ni upi. Mwisho wa Mei ni wiki ijayo.

Wakaba


Nezumisawa, 9 Juni

Mjukuu wangu Wakaba,

Mvua za Juni zimeanza. Vyura hawanyamazi. Goti la kulia sasa limejiunga na la kushoto. Fedha zako za bahasha kaa nazo, nunua kitabu.

Sasa naweza kusema. Kodi nimelipa, na juu yake nimekula kaa.

Unamkumbuka Bibi Fumiyo, jirani yangu anayecheka kabla hujamaliza kusema. Mwezi Aprili aliletewa sanduku la barafu lililojaa kaa kutoka mji mmoja wa pwani huko Hokkaido. Nikamuuliza nani kampa. "Mwanangu wa Tokyo," akasema. "Siku hizi mtu anachagua mji anaoupenda, anapeleka kodi yake huko, na ule mji unamshukuru kwa chakula."

"Acha uongo, Fumiyo."

"Uongo wa nini? Huyu hapa kaa, muulize."

Akanionyesha kitabu. Wakaba, ni kitabu kizima! Kila mji na picha ya shukrani yake. Huu unatoa nyama, huu matikiti, huu mchele. Mchele ninao. Nikawaza, miaka hamsini nalipa kodi kwa mji wetu, hawajanipa hata kiazi, na sasa wananiongezea elfu mbili kwa kukitusi kirikuu. Basi nilijaza fomu iliyokuwa nyuma ya kitabu. Mahali pa ujumbe niliandika kwa wino: "Hii ni kodi ya kirikuu changu. Mwaka huu nimewachagua ninyi." Kaa walikuwa wa elfu kumi. Nikaenda posta nikapeleka fedha.

Wamekuja, kila mmoja ana miguu mirefu kama fimbo zako za ngoma. Pamoja nao ilikuja barua ya meya, akisema kwa fedha zangu watanunua vitabu vya watoto. Lini umeona kodi inakushukuru?

Niliwaalika wenzangu. Kinzo, mdomo umejaa, akauliza, "Tokuji, hii ni halali?"

"Iko kwenye kitabu."

"Kama iko kwenye kitabu, mimi nachagua nyama," akasema Umetaro.

"Wewe nyama utaitafunia wapi?" Bibi Fumiyo akamuuliza. "Meno yako yanalala kwenye glasi."

"Nitainyonya. Nyama ya kodi hainishindi."

Bibi Fumiyo aliondoka mapema, amejifunika mdomo kwa mkono wa kimono. Sijui alichekea nini.

Kwa hiyo andika kwenye insha yako kwamba babu yako ameielewa kodi ya gari.

Babu yako aliyeshiba


Sendai, 14 Juni

Babu mpendwa,

Mvua hapa pia hazikatiki, na nguo zetu zinakauka sebuleni. Mama mzima. Baba alikuwa mzima mpaka niliposoma barua yako kwa sauti. Alitoka nje akaenda kucheka kwenye ngazi, na yule jirani wa chini akapanda tena.

Bi Odashima ametufundisha kwamba jambo gumu lisemwe kwa upole, na lianze na upande wake mzuri. Upande mzuri ni kwamba watoto wa mji ule watapata vitabu.

Upande wa pili ni huu. Fedha uliyotuma si kodi ya kirikuu, ni mchango. Mtu mwenye mshahara mkubwa, kama yule kaka wa Tokyo, akiuchangia mji mwingine, hupunguziwa kodi za kipato chake. Ndiyo maana watu huita jambo hilo kulipa kodi kwa mji unaoupenda. Lakini kodi ya kirikuu haichaguliwi. Hulipwa kwa mji ule ambako gari hulala, na kirikuu chako hakilali Hokkaido. Kwa hiyo, Babu, umetoa elfu kumi ili usilipe elfu sita, na elfu sita bado zinakungoja.

Samahani sana. Nimeandika sentensi hiyo mara nne nikitafuta namna ambayo haitauma, na hii ndiyo iliyouma kidogo kuliko zote.

Tarehe imepita, lakini si mbaya. Ukienda ofisi ya mji wiki hii watapokea tu. Kisha kirikuu kitakwenda kukaguliwa, na kila kitu kitakuwa sawa. Naomba uniambie ukishalipa. Na naomba uniambie kwamba Mzee Kinzo na Mzee Umetaro hawajafuata ushauri wako.

Wakaba


Kadi ya posta, Nezumisawa, 1 Julai

Wakaba. Mzima. Matango yamezaa. Dubu hajarudi. Msalimie mama yako. Tokuji.


Sendai, 5 Julai

Babu mpendwa,

Asante kwa kadi. Nimefurahi kusikia habari za matango na za dubu. Nimeigeuza kadi pande zote mbili, sikuona habari za kodi.

Mwalimu wetu wa muziki ameniruhusu kupiga ngoma halisi ya shule baada ya masomo. Amesema mkono wangu wa kushoto una haya, wa kulia una kiburi, na nahitaji mwezi mmoja kuwasuluhisha. Nafanya mazoezi kila siku. Baba amekubali kutonipeleka masomo ya ziada wiki ya sikukuu, kwa sharti kwamba ngoma iwepo kweli.

Babu, ukaguzi ni kabla ya tarehe 24. Umelipa?

Wakaba


Nezumisawa, 15 Julai

Mjukuu wangu,

Joto limekuwa kali hata vyura wamechoka kusema. Nimekaa na karatasi hii tangu asubuhi, na sasa chai imepoa. Nitakueleza yote, lakini usimsomee baba yako. Kama ni lazima, msomee akiwa ameketi chini.

Sijalipa.

Ofisi ya mji iliniletea karatasi ya ukumbusho. Sikuijibu. Kisha wakamtuma Hatakeyama, yule kijana mpole ambaye alipokuwa mdogo alianguka kwenye mfereji wangu wa mpunga mara mbili. Alisimama mlangoni akainama mpaka kalamu zikamwanguka mfukoni.

"Mzee Tokuji, samahani sana kukusumbua wakati wa joto."

"Hunisumbui. Pita. Mguu mmoja wa kaa bado upo kwenye barafu, kula."

"Siruhusiwi, mzee. Mtumishi wa mji hali kitu cha mlipakodi."

"Mwaka huu mimi si mlipakodi wenu. Kwa hiyo unaruhusiwa."

Alifikiri sana, maskini. Niliona kabisa jinsi alivyokuwa akiitafuta sheria kichwani. Mwishowe akasema, "Mzee, hiyo ndiyo sababu nimekuja," akainama tena na kuondoka. Karatasi aliiacha juu ya viatu vyangu.

Nilimpelekea Fundi Oikawa kirikuu ili akikague. Akagonga magurudumu, akasikiliza injini, akasema, "Mzee, gari lako ni zima kuliko wewe. Lete uthibitisho wa kodi tumalize." Nikamwonyesha barua ya meya wa Hokkaido. Aliisoma mpaka mwisho kwa heshima. Akasema, "Barua nzuri. Sasa lete ya hapa kwetu." Nikarudi nyumbani na kirikuu kama nilivyokwenda.

Najua unauliza kwa nini siendi kulipa tu. Fedha ninayo. Tatizo si fedha.

Swali lako la Juni sikulijibu. Jibu ni kwamba Kinzo na Umetaro walifuata ushauri wangu. Siku ile baada ya kaa nilisimama kwenye ukumbi wa kijiji, mbele ya mkutano wa sikukuu, nikawafundisha watu wote jinsi ya kulipa kodi ya gari na kushiba. Nilichora kwenye ubao. Umetaro aliagiza nyama. Kinzo alishindwa kuchagua chakula, akachagua karatasi za chooni, na zimekuja mabunda mengi mpaka hawezi kufungua kabati la godoro lake, analala juu ya mkeka. Wote wawili wanaamini kodi yao imelipwa. Kila asubuhi Kinzo akipita ananiinamia na kusema, "Mwalimu, hujambo."

Nikienda kulipa, Nezumisawa ni ndogo, watajua. Watajua kwamba niliwapotosha. Nina miaka sabini na tisa, Wakaba, na katika maisha yangu yote hii ndiyo mara ya kwanza mtu kuniita mwalimu.

Kamati ya sikukuu inakutana tarehe 5 Agosti. Ikiwa gari halina ukaguzi, zamu inakwenda kwa Kinzo. Kinzo hana mjukuu. Amesema atafunga redio ya kaseti juu ya gari lake.

Babu yako


Sendai, 19 Julai

Babu mpendwa,

Ni kweli joto ni kali. Mama ametengeneza barafu tamu za maharage, na mimi nimeanza likizo. Asante kwa kuniambia yote. Sikumsomea Baba. Aliisoma mwenyewe, akiwa ameketi, kisha akalala chini kabisa.

Katika barua hii sitaandika lolote kuhusu ngoma. Mto wa kukalia umepasuka na pamba imetapakaa sebule nzima, ila sitasema ulipasuka kwa nini. Mwalimu wa muziki amesema mikono yangu imepatana, lakini hilo pia si jambo la leo.

Nataka kuandika kuhusu neno mwalimu. Mwaka jana Bi Odashima alitufundisha jina la mto fulani, tukaliandika wote. Siku mbili baadaye aliingia darasani kabla hata ya salamu, akasema, "Watoto, jina la ule mto nilikosea. Futeni." Tukafuta. Nilikuwa nampenda kabla ya hapo, lakini tangu siku ile ndipo nilipoanza kumwamini.

Babu, Mzee Kinzo na Mzee Umetaro nao wanadaiwa. Kila siku ukinyamaza, faini yao inakua, hata kama ni kidogo. Sidhani unawakinga na aibu. Nadhani unawaficha deni lao.

Nimeandika kwa ukali kuliko nilivyofundishwa. Nisamehe. Mimi ni mjukuu wako hata kama kwenye gari kutakuwa na redio.

Wakaba


Nezumisawa, 28 Julai

Wakaba, mjukuu wangu,

Leo nitaanza na habari yenyewe, salamu zitakuja nyuma zikitembea polepole.

Barua yako nilimsomea bibi yako pale kwenye madhabahu. Hakusema kitu, na unajua alivyokuwa, akinyamaza ujue umeshindwa. Basi jana nikavaa kofia kubwa ya shambani, nikavaa barakoa ya kuzuia vumbi na miwani ya bibi yako, nikapanda basi la mapema kwenda ofisi ya mji. Niliwaza nitalipa kimyakimya, kisha jioni niwaite wenzangu niwaambie kwa utaratibu.

Nimefika, naona nyuma ya kile chungu kikubwa cha maua kuna mtu amechutama. Viatu navijua.

"Kinzo?"

"Mimi siye."

"Kinzo, unafanya nini hapa?"

"Nimekuja kuuliza habari za dubu."

Mlango wa choo ukafunguka kidogo, ukafungwa haraka. Nikasema, "Umetaro, toka." Akatoka. "Nimemsindikiza Kinzo," akasema.

"Mimi nimekuja peke yangu," akasema Kinzo.

"Basi nimekusindikiza bila wewe kujua."

Pale kwenye benchi la mbele nani ameketi anakula kiazi cha kuchoma? Fumiyo.

"Na wewe umekuja kufanya nini?" nikamuuliza.

"Kutazama," akasema. "Nimewahi ili nipate nafasi nzuri. Naja tangu Jumatatu."

Hapo Hatakeyama akasimama dirishani. Kijana yule hajui kupaza sauti, lakini ofisi ilikuwa kimya. "Samahani sana, wazee wangu wa Nezumisawa. Kodi za magari ni dirisha namba mbili." Tukageuka wote watatu kwa pamoja. Kinzo aligonga chungu, udongo ukamwagika.

Nikavua barakoa. Niliwaambia, "Kinzo, Umetaro, lile somo langu la ubaoni nilikosea. Futeni."

Wakatazamana. Umetaro akasema, "Tunajua."

"Mnajua nini?"

"Karatasi za ukumbusho zilitujia sisi pia, Tokuji. Tangu Juni. Kinzo alinionyesha yake, nikamwonyesha yangu."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Ulikuwa umefurahi sana," akasema Kinzo. "Sijakuona umefurahi hivyo tangu mkeo afariki. Tukasema tulipe kimya, yeye abaki na furaha yake. Ila kila tukipanga kuja, tunakuona uko njiani."

"Na hiyo 'Mwalimu, hujambo' ya kila asubuhi?"

"Ulikuwa unaitikia vizuri," akasema Kinzo.

Fumiyo alicheka mpaka kiazi kikamtoka mkononi. Nikamwambia, "Wewe ulijua tangu siku ya kaa!" Akasema, "Nilijua tangu ulipoomba kitabu. Nilitaka kukwambia, lakini nikafikiri, ngoja kwanza nile."

Tumelipa. Faini ilikuwa ndogo hata naona aibu kuitaja. Hatakeyama alitupigia mihuri, akatuinamia kila mmoja mara moja, na Kinzo mara mbili, maana Kinzo alikuwa ameanza kuinama kuomba radhi kwa udongo alioumwaga, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuacha.

Kwa kuwa tarehe ya ukaguzi imeshapita, kirikuu hakiruhusiwi kwenda hata gereji. Fundi Oikawa amekuja na gari lake la kubebea magari akakipakia mgongoni. Kijiji kizima kilitoka kutazama. Kinapakiwa kama mfalme, na mimi nimekaa mbele pembeni ya Oikawa. Kimepita. Kibandiko kipya kipo kiooni, miaka miwili.

Tarehe 5 Agosti kamati itakunywa chai tu. Nimeshawaambia kwamba nyumba yetu ina gari na ina mpigaji. Kinzo ameomba redio yake iwekwe japo kwenye baiskeli. Tumekataa.

Njoo. Sasa zile salamu: magoti hayajambo, mpunga umeanza kutoa masuke, mama yako asihangaike kuleta zawadi, karatasi za chooni tunazo.

Babu yako


Sendai, 20 Agosti

Babu mpendwa,

Joto bado lipo, lakini jioni wadudu wa vuli wameanza kulia kwenye nyasi za maegesho yetu. Tulifika salama. Baba alilala tena kwenye treni, na Mama hakumfunika, alimpiga picha. Mikono yangu ina malengelenge manne na ninayaonyesha kwa watu hata wasipoomba.

Ulikuwa ndani unaendesha, kwa hiyo hukuona yaliyokuwa nyuma. Naona ni wajibu wangu kukueleza.

Tulipoanza pale kwenye ukumbi, mkono wangu wa kushoto ulirudiwa na haya. Nilikosa mapigo mawili na nikataka kushuka. Kisha kirikuu kikapita kwenye shimo la kwanza, ngoma ikaruka, na mimi nikaruka, na tulipotua nikajikuta napiga sawasawa. Watu wote walikuwa wakitembea nyuma yetu na taa za karatasi. Bwana Hatakeyama alikuja pia, amevaa kanzu ya sikukuu yenye jina la kijiji, anacheza vizuri ajabu. Hakuwa ameinama hata kidogo.

Mbele yao wote walikuwa Mzee Kinzo na Mzee Umetaro. Walipofika mahali barabara ilipozibwa kiraka kipya cha lami, Mzee Kinzo akakikanyaga kwa mguu mzima.

"Hiki ni changu!" akasema. "Nimekilipia mwezi uliopita."

"Chako wapi? Chako ni kile chenye ufa. Hiki ni changu, angalia kilivyonyooka."

"Kirikuu chako ni kidogo, hakilipii kiraka kikubwa hivi!"

"Na faini je? Nimelipa na faini!"

Bibi Fumiyo, ambaye hana gari, akasimama katikati ya kiraka na kucheza juu yake, akasema yeye ni mpangaji. Wakabishana hivyo njia nzima mpaka makaburini, kila kiraka na mwenyewe, na waliokuwa nyuma wakaanza kujigawia vilivyobaki. Nilicheka huku napiga. Kama ulisikia ngoma inatetemeka karibu na nyumba ya Mzee Umetaro, ni hapo.

Jana nilimpelekea Bi Odashima insha yangu aisome kabla sijaipeleka. Amesahihisha mambo machache. Moja ni kwamba kodi ya gari haina barabara yake maalumu, huingia kwenye kapu moja la mji na kutoka kwa matumizi yoyote: shule, takataka, taa, mishahara ya akina Hatakeyama. Hakuna mtu mwenye kiraka. Nimeiandika hivyo kwenye insha, kwa kuwa ndio ukweli. Lakini wazee sitawaambia, nawe usiwaambie.

Ila kama viraka vingekuwa na wenyewe, Babu, mimi nimeshachagua chetu. Ni kile cha kwenye kona, baada ya daraja. Pale kirikuu hakikuruka hata kidogo, ukapunguza mwendo, na nilipiga vizuri kuliko pote.

Mjukuu wako,
Wakaba